Kistari na Herufi R

Fundi wa matairi mgodini husoma ubavu wa tairi kabla ya kuligusa. Tairi moja limeandikwa 18.00-33, la jirani yake 18.00R33. Upana ni uleule, ringi ni ya inchi 33 kwa yote mawili, na yote huingia kwenye dampa lilelile. Tofauti ni kwamba mahali pa kistari pamekaa herufi R. Kistari kinasema nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira zimelazwa mshazari. R inasema zimenyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, yaani tairi ni radiali. Historia ya alama hizi mbili husimuliwa kwa kifupi mno: radiali lilibuniwa Ufaransa, likaonekana bora, likalifukuza la mshazari. Kwa magari ya mjini masimulizi hayo yanatosha. Kwa mgodini yanapotosha, kwa sababu yanamfanya mnunuzi aamini kuwa anachagua kati ya kitu kipya na kitu kilichopitwa na wakati. Ukifuata ushahidi tangu miaka ya 1930 utaona jambo jingine. Tairi halikuamuliwa kiwandani peke yake. Liliamuliwa na barabara ya mgodi: urefu wake, kasi inayoruhusu, mawe yaliyolala juu yake, na kama kuna mtu wa kuyaondoa.

Tuanze na tumbo la tairi, maana hoja yote imejificha humo. Tairi la mshazari hujengwa kwa tabaka nyingi za nyuzi zilizovikwa mpira. Kila tabaka hukatiza kwa pembe, na linalofuata hukatiza kwa upande wa pili, kama miyaa ya mkeka inavyopishana. Nyuzi hizo zilikuwa za pamba, zikafuata za rayoni, kisha za nailoni, na kila zilipopata nguvu zaidi tabaka zikapungua bila hesabu ya zamani kufutwa: tairi lenye alama ya 36PR halina tabaka 36, bali lina nguvu ambayo enzi za pamba ingehitaji tabaka 36. Ubavu na uso wa tairi hili ni mwili mmoja. Uzito unapolibonyeza, tabaka hupishana kama makali ya mkasi, na mpira uliobanwa katikati huvutwa huku na huku. Kila mvuto huacha joto kidogo. Tairi la gari dogo hulitoa joto hilo upesi kwa kuwa ni jembamba. Tairi la dampa ni nene, na mpira haupitishi joto vizuri. Joto linalozaliwa katikati ya nyama yake halina pa kutokea. Likishapita nyuzi 100 hivi za sentigredi, mpira huanza kupoteza nguvu na tabaka huachana kutoka ndani, na dereva hajui lolote mpaka kipande cha uso kifumuke.

Radiali la mgodini lina tabaka moja tu la nyaya za chuma, lililopita njia fupi kuliko zote kutoka ukingo unaoshika ringi hadi ukingo wa pili. Juu yake, chini ya kashata, imelazwa mikanda kadhaa ya chuma inayolizunguka tairi zima. Ubavu hunesa peke yake na uso hubaki umelala bapa. Msuguano wa ndani hupungua, na pamoja nao hupungua joto, ulaji wa kashata na dizeli inayochomwa ili kulisukuma gari. Lakini ubavu huo ni mwembamba na umeshikiliwa na tabaka moja. Jiwe kali likikata nyaya zake, mara nyingi tairi limekwisha. Tairi la mshazari likikatwa tabaka mbili tatu bado lina nyingine za kulibeba, na fundi huweza kuliziba likarudi kazini. Kwa hiyo kila moja lina adui yake: radiali linamudu joto, la mshazari linamudu makali ya jiwe. Swali la mgodi wowote ni yupi kati ya maadui hao wawili anayeua matairi yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 swali hilo halikuwepo, kwa sababu mashimo makubwa ya wazi yalihudumiwa na reli. Bingham Canyon, shimo la shaba la Utah lililoanza kuchimbwa kwa sepetu za mvuke mwaka 1906, liliishi kwa treni zilizopanda ngazi baada ya ngazi kwa miongo mingi. Gari la matairi ya upepo lilikuja kwa mlango wa makandarasi wa barabara na mabwawa. R. G. LeTourneau, mkandarasi wa Kalifornia aliyekuwa pia mbunifu wa mashine, alianza kufunga matairi makubwa ya upepo kwenye mitambo yake ya kuhamisha udongo mnamo 1932, wakati wengine bado walitumia magurudumu ya chuma na minyororo. Mwaka 1934 kampuni ya Euclid ya Ohio ikatoa lori lililobuniwa kwa ajili ya mawe, mbali na barabara za umma. Matairi yao yalikuwa ya mshazari kwa kuwa hayakuwepo mengine sokoni. Hata yangekuwepo, sidhani wangeyataka. Safari zilikuwa fupi, njia zilikuwa mawe matupu, na gari lilikokota mzigo kwa mwendo usiotosha kulichemsha tairi. Aliyeua tairi enzi hizo alikuwa jiwe.

Radiali lilizaliwa kwa ajili ya gari dogo, ingawa lilizaliwa kutokana na swali la joto. Arthur Savage wa Marekani alipata hataza ya muundo wa namna hiyo zamani za Vita Kuu ya Kwanza, lakini haukuenda mbali. Huko Clermont-Ferrand, Ufaransa, Marius Mignol, mtu aliyeajiriwa na kampuni ya Michelin kwa kazi ya kiwanda cha uchapaji, alitengeneza tairi la majaribio ambalo mbavu zake zilikuwa nyaya zilizoachana, karibu bila mpira, ili aone joto la tairi linatoka wapi hasa. Wenzake waliliita tundu la nzi. Jibu lilikuwa wazi: nyaya zisipopishana, joto linapungua sana. Michelin iliwasilisha hataza Juni 1946, ikaliuza tairi hilo kwa jina la X kuanzia 1949, ikatoa la malori 1952, na mwaka 1959 ikatoa radiali la mashine za kuhamisha udongo. Kuanzia mwaka huo mwenye mgodi aliweza kuchagua.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: kama lilikuwepo tangu 1959, kwa nini migodi mingi, hasa ya Marekani, iliendelea kununua ya mshazari kwa miaka mingi baadaye? Jibu linalotolewa mara nyingi ni ukaidi wa viwanda. Lina ukweli wake. Mashine iliyojenga tairi la mshazari haikuweza kujenga radiali bila kubadilishwa kabisa, na makampuni ya Akron, Ohio, yalikuwa yamezika fedha nyingi mno katika mashine hizo. Mwaka 1967 Goodyear ilijaribu njia ya katikati, tairi la mshazari lililofungwa mkanda juu, kwa sababu liliweza kujengwa na mashine zilezile. Haikusaidia kwa muda mrefu. Continental ya Ujerumani ilinunua General Tire mwaka 1987, Bridgestone ya Japani ikanunua Firestone 1988, na Michelin ikachukua Uniroyal Goodrich 1990. Hayo si majina mageni Afrika Mashariki: General ilikuwa mbia wa kiwanda cha Arusha, na Firestone ilikuwa na kiwanda Nairobi. Lakini ukaidi wa Akron unaeleza jambo moja tu, yaani kwa nini muuzaji wa nyumbani alichelewa. Hauelezi mnunuzi. Mwenye mgodi huhesabu gharama ya tairi kwa kila saa ya kazi, na hana mapenzi na kiwanda chochote. Angeona radiali linampunguzia gharama angeagiza Ufaransa, kama anavyoagiza injini na vipuri kutoka ng'ambo. Kilichomzuia ni kwamba njia zake bado zilikuwa fupi na mbaya, na hesabu ya radiali ilikuwa bado haijatimia.

Ilitimia mashimo yalipozama na malori yalipokua. Wahandisi wana kipimo kinachoonyesha jambo hili, tani-kilomita kwa saa. Chukua wastani wa mzigo ulio juu ya tairi moja, gari likiwa tupu na likiwa limejaa, uzidishe kwa wastani wa mwendo wa zamu nzima; jibu lisizidi kiwango ambacho kiwanda kimekiandika kwa tairi hilo, kiwango kinachopimwa kwa hewa ya nyuzi 38. Tuseme tairi lina tani 12 gari likiwa tupu na 28 likiwa limejaa: wastani ni 20. Safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 4, na gari linafanya safari 30 kwa saa 10. Wastani wa mwendo ni kilomita 12 kwa saa, na jibu ni 240. Sasa shimo limezama, jalala la magwangala limesogezwa mbali, safari imekuwa kilomita 8. Gari linafanya safari 20 tu, lakini linakaa muda mfupi zaidi kwenye foleni ya kupakia na muda mrefu zaidi barabarani. Wastani unapanda hadi kilomita 16, na jibu linakuwa 320. Dereva hajaongeza mwendo hata kidogo. Barabara imerefuka, basi, na tairi ambalo mwaka jana lilikuwa salama mwaka huu linaungua kwa ndani. Nimekaa juu ya hesabu hii kwa sababu ndiyo moyo wa historia yote. Mgodi wa wazi, kwa maumbile yake, hurefusha barabara kila mwaka unaochimbwa, na kila mita inayoongezeka inamhamisha adui kutoka kwenye jiwe kwenda kwenye joto.

Joto hilo ndilo lililobakiza pia mpira wa asili ndani ya matairi makubwa, wakati matairi ya magari madogo yalipojaa mpira wa viwandani. Utomvu wa mti huzaa joto dogo unaponeswa na haupasuki upesi. Haifai kuutaja utomvu huo kwa mkato, kana kwamba ulianza historia yake kiwandani. Baada ya Dunlop kutengeneza tairi lake la upepo mwaka 1888, kiu ya mpira ilikwenda kuwaangukia watu wa Kongo chini ya Leopold wa Pili, waliotolewa vijijini kwa bunduki kukusanya utomvu wa mitambaa ya msituni mpaka 1908, Ubelgiji ilipomnyang'anya mfalme wake nchi hiyo. Kila historia ya tairi inayoanza na ubunifu tu imewaruka hao.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote juu ya malori unaonekana kwa kulinganisha mawili. Mwaka 1973 General Motors ilijenga Kanada lori la Terex Titan, la aina yake pekee, lililoweza kubeba tani 318 hivi. Likijaa lilikuwa na uzito wa takriban tani 550, na lilihitaji matairi 10. Lilifanya kazi Kalifornia, kisha British Columbia, na leo limesimamishwa kama kumbukumbu katika mji wa Sparwood. Hakuna la pili lililojengwa. Mwaka 1998 Caterpillar ilitoa lori la 797, ambalo uzito wake likijaa ulikuwa karibu na huohuo, lakini lilisimama juu ya matairi 6, yote radiali ya ringi ya inchi 63 yaliyobuniwa na Michelin kwa ajili yake. Kwa Titan kila tairi lilibeba tani 55 hivi. Kwa 797 kila moja lilibeba zaidi ya tani 90. Matairi ya aina hiyo yanayotumika leo yana urefu wa mita 4 kwenda juu na uzito unaozidi tani 5 kila moja. Kwa miaka 25 kati ya malori hayo mawili injini zilikua, lakini mpaka uliowazuia wabunifu wasirudie Titan kwa matairi machache zaidi ulikuwa chini, pale gurudumu linapogusa udongo.

Kuna pingamizi zito hapa. Mtu atasema: kama lori kubwa kuliko yote linauzwa na radiali tu, basi barabara haikuchagua kitu, aliyechagua ni kiwanda, na mwenye mgodi alipokea alichopewa. Nakubali sehemu. Anayenunua lori la ringi ya inchi 63 amekwisha kuamua suala la tairi siku aliyotia saini ya lori, na matairi ya ukubwa huo hutoka kwa makampuni machache mno. Madhara yake yalionekana kuanzia 2004 hivi mpaka 2008, bei za madini zilipopaa kwa mahitaji ya China na matairi makubwa yakaadimika duniani. Bei zilipanda mno, malori mazima yaliegeshwa kwa kukosa matairi, na wengine walijitwalia ya mshazari kwa ukubwa ambao bado yalipatikana. Lakini tazama migodi ilifanya nini ilipobanwa. Ilianza kutunza barabara. Ilipanua kona, ikapunguza mwendo pale hesabu ya joto ilipozidi, ikamtuma dereva wa greda kuzunguka mchana na usiku akisafisha mawe yaliyodondoka, hasa kwenye sehemu ya kupakia ambako dampa hurudi kinyumenyume bila dereva kuona kilicho nyuma yake. Matairi yakadumu zaidi. Ubavu mwembamba wa radiali unaishi kwa kazi ya mtu huyo wa greda. Akiondolewa kwenye zamu ili kupunguza gharama, faida yote iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda hupotea kwa jiwe moja lenye ukubwa wa kichwa. Kiwanda kilipunguza machaguo, ndiyo. Lakini lililoamua kama radiali litalipa au litatia hasara lilibaki barabarani.

Pingamizi la pili ni la watu wanaosema tairi la mshazari limebaki kwa sababu ya umaskini tu: bei yake ya kununulia ni ndogo, na asiye na fedha hununua hilo. Bei ina nafasi yake, na machimbo madogo ya kokoto yanalijua hilo vizuri. Lakini pingamizi hili linashindwa chini ya ardhi, ambako makampuni tajiri kabisa yaliendelea kununua ya mshazari kwa kupenda. Fikiria mashine fupi inayochota mawe yaliyolipuliwa, kuyabeba mita mia kadhaa na kuyamwaga. Mwendo wake ni wa mtu anayekimbia, tena si sana. Njia ni nyembamba, kuta ni mwamba uliovunjika, na mbavu za matairi hukwaruza ukuta kila kona. Sakafu ina maji, na mpira ukilowa hukatika kwa urahisi zaidi kwa jiwe. Ndoo inapoinuliwa ikiwa imejaa, uzito wote huhamia matairi ya mbele, na dereva anataka mbavu ngumu zisizoyumba. Joto halipati hata nafasi ya kuliua tairi hilo, maana jiwe litaliwahi. Ndiyo maana matairi mengi ya mashine hizi hutoka kiwandani yakiwa kipara, bila kashata, mpira mzito uliojaa pote ili mawe yasipate pa kushika. Aliye juu ya ardhi akiona tairi kipara anaona hatari. Kule chini ndivyo linavyotakiwa kuwa. Kumwambia fundi wa huko kwamba yuko nyuma ya wakati ni kumpa hesabu ya barabara ambayo yeye hana.

Nchi zinazozungumza Kiswahili zina pande zote mbili za hoja hii, mara nyingi ndani ya uzio mmoja. Mwadui, mgodi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940, umekuwa shimo la wazi tangu mwanzo. Bulyanhulu ulianza uzalishaji 2001 ukiwa chini ya ardhi. Kolwezi, katika iliyokuwa Katanga, shimo kubwa la KOV limekaa jirani na Kamoto, mgodi wa shaba na kobalti unaochimbwa chini. Geita ndio unaonifundisha zaidi. Ulianza mwaka 2000 kwa mashimo ya wazi, Nyankanga likiwa kubwa kati yake, na katika miaka ya 2010 ukaanza kuingia chini ya ardhi. Mgodi unaofanya hivyo hubadilisha barabara zake ndani ya maisha ya kazi ya mtu mmoja. Meneja anayebeba sheria ya matairi kutoka shimoni na kuiingiza chini ya ardhi bila kuipima upya anaweza kuwalaumu madereva kwa kukatakata matairi ambayo hayakupaswa kuwa pale.

Wapo watakaosema radiali sasa limeingia hata chini, kwa hiyo mshazari umebakiza siku chache. Ni kweli limeingia, lakini angalia limeingia wapi. Madampa ya chini ya ardhi yanayobeba tani 60 na zaidi hupanda mteremko wa kilomita kadhaa kutoka kwenye mwamba hadi nje, yamejaa, bila kupumzika, katika hewa ya moto ya kina kirefu. Barabara yao imekuwa ndefu kama ya shimo la wazi, na joto limekuwa adui tena. Basi yamevaa R. Mashine inayoyapakia imebaki kule mwisho wa njia, ikienda mita mia na kurudi mita mia juu ya mawe makali na maji, na mara nyingi imebaki na kistari chake. Huonana kila baada ya dakika chache kwenye chumba cha kupakilia. Ndoo hupanda, mawe humwagika, dampa huanza safari ya kwenda juu, na mashine hurudi nyuma kuchota mengine.